Anwani Ileile

Mlinzi wa ofisi ya msajili wa kampuni alikuwa amesema hapana mara tatu, na Fundi alikuwa ameuliza kwa nini mara nne.

"Dada, spana haiingii humu."

"Nimekuja kujaza fomu, sikuja kubomoa ukuta."

"Chuma ni chuma. Kaiache kwenye gari."

"Gari sina. Nina miguu miwili, na hiyo nayo nikiiacha nje nitaingiaje?"

Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, ukumbi umejaa watu wenye bahasha, na feni mbili za dari zilikuwa zinazungusha joto lilelile kutoka kona hii kwenda ile. Fundi alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini na kitambaa chekundu kichwani. Alitoka moja kwa moja sokoni kufufua kabati la baridi lililozimika na nyanya za watu ndani, hakupata hata nafasi ya kunawa vizuri.

"Nipe mimi nikushikie," sauti ikasema pembeni. "Nimeshamaliza yangu. Nitakaa pale kwenye benchi."

Fundi akamtazama msemaji juu mpaka chini. Suti ya kijivu imenyooka, tai imefungwa kwa adabu, na viatu vinang'aa. Ila kamba ya kiatu kimoja ilikuwa nyeusi na ya kingine kahawia.

"Na ukikimbia nayo?"

"Mimi ni wakili. Nikikimbia nitajishtaki mwenyewe."

Mlinzi akacheka, foleni ikacheka, na Fundi akajikuta anatoa spana yake namba kumi na tisa na kuiweka kwenye kiganja laini ambacho hakijawahi kukaza nati.

Ndani, karani wa dirisha la pili alipitisha kalamu kwenye fomu ya mwaka bila kuinua uso. "Anwani ya kampuni ni ileile?"

Haikuwa ileile. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya duka la Shangazi yake, fundi cherehani, enzi zile kampuni nzima ilikuwa Fundi na boksi la vifaa chini ya meza ya kukatia nguo. Sasa alikuwa na karakana yake upande wa pili wa mji, mafundi saba, na makabati ya baridi katika masoko kumi na moja, ambako wauza nyanya na wauza maua walikodi rafu ili mali yao isiharibike kabla haijauzwa.

"Ikibadilika unajaza fomu nyingine, dirisha la saba," karani akaongeza.

Fundi akatazama dirisha la saba. Foleni yake ilikuwa imekunja kona. "Ileile," akasema.

Neno hilo moja, msomaji wangu, lishike mkononi. Tutalihitaji mbele.

Simu ikaita, kabati jingine limegoma, na Fundi akatoka mbio bila kukumbuka benchi, suti wala spana. Alikumbuka saa saba mchana, alipopeleka mkono mfukoni na mfuko ukawa mtupu. Kabla hajamaliza kujilaani, simu ikaita tena.

"Mateka wako yuko salama," sauti ikasema. "Amekula, na sasa amelala."

"Namba yangu umepewa na nani?"

"Imeandikwa mgongoni mwako kwa herufi kubwa. Uliponipita ukikimbia niliisoma yote, na jina la kampuni juu yake."

Fundi akauma mdomo asicheke. "Unataka nini ili umwachie?"

"Chai. Na maelezo. Sijawahi kuona mtu anazozana na mlinzi kwa raha namna ile."

Basi chai ikanywewa, kisha nyingine, na kabla ya mwezi kuisha Wakili alikuwa anajua tofauti ya kompresa na kondensa, na Fundi alikuwa anajua kwamba mtu wa kamba mbili za viatu ana moyo mmoja tu. Wakili alikuja karakana kila Ijumaa jioni na suti yake, akakaa juu ya kreti lililogeuzwa, akasoma majalada yake huku mafundi wakimtania.

"Shemeji, hiyo suti haiogopi grisi?"

"Inamwogopa Fundi tu."

Simu zao zilikuwa fupi na za kijinga, kama za wapendanao wote.

"Mpenzi, umekula?"

"Nina mikono miwili na yote ina grisi. Nitakulaje?"

"Nije nikulishe?"

"Njoo. Ila usiniletee habari za kesi, niletee habari za tumbo."

Walipendana, wala hapakuwa na siri. Fundi, aliyezoea kumjibu kila mtu kwa ukali kwa sababu kazi yake ilimfundisha hivyo, alikuwa akisikia hatua za Wakili mlangoni anajifuta mikono mara mbili.

Sasa tumtazame mgeni mwingine wa karakana. Jina alilopewa na mafundi lilikuwa Bwana Tabasamu, kwa sababu tabasamu halikumtoka usoni hata alipokuwa anakukatalia. Alikuwa mwekezaji. Miaka miwili nyuma alileta mtaji wa makabati sita akapewa hisa arobaini katika mia, Fundi akabaki na sitini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Fundi alijiambia siku ile. Kweli alipona, kwa muda.

Jumanne moja Bwana Tabasamu aliingia ananukia manukato, akatandika leso juu ya kreti, akakaa.

"Fundi wetu! Nimekuletea nakala zako." Akanyoosha jalada la kijani. "Kampuni imetoa hisa mpya. Zimechukuliwa na kampuni yangu nyingine. Lakini usishtuke. Hisa zako hazijaguswa hata moja. Ni zilezile."

"Zilezile ngapi katika mia?"

Tabasamu likapanuka. "Kumi na nane."

Fundi hakusoma sheria, lakini hesabu ya birika la chai anaijua kila mtu. Kikombe chako hakijanyang'anywa, ila birika limejazwa maji mpaka chai haina rangi wala ladha.

"Mkutano gani uliamua?"

"Uliitwa kwa barua, hukuja. Ukaahirishwa wiki moja, ukaitwa tena, hukuja. Katiba ya kampuni inasema ukikosa mara mbili, waliopo ni akidi. Tarehe tatu tulikuwepo mimi na mpwa wangu." Akasimama, akakunja leso. "Mwezi ujao anakuja meneja mpya. Makabati tunayatoa masokoni tunayapeleka hotelini. Wauza nyanya hawapendezi kwenye ripoti. Wewe utabaki mshauri wa ufundi. Kupumzika si vibaya, Fundi."

Mafundi saba walishika vifaa vyao kama watu waliogandishwa. Fundi akamfikiria mama wa nyanya wa soko la chini, aliyekuwa akitupa nusu ya mali yake kila Jumatatu kabla kabati halijafika, na hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Huo mlango unaotaka kutokea," akasema, "bawaba zake nilizifunga mimi. Wewe toka. Mimi sitoki."

Alipobaki peke yake alifungua jalada ukurasa baada ya ukurasa. Wa mwisho ulikuwa muhtasari wa mkutano wa tarehe tatu, na chini yake muhuri wa kamishna wa viapo aliyeshuhudia sahihi. Aliusoma muhuri ule mara tatu. Ulikuwa wa Wakili.

Ofisi ya Wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kutengeneza simu. Fundi alipanda ngazi mbili mbili, akaingia bila kubisha, akabamiza jalada mezani na spana juu yake.

"Huu muhuri ni wa nani?"

Wakili akautazama, na uso ukamshuka. "Wangu."

"Umewapigia muhuri wanaoniibia?"

"Mpenzi, kaa kwanza."

"Usiniite mpenzi, niite mwanahisa mdogo! Ndivyo ulivyonifanya."

"Karani wao alileta karatasi ishirini kwa mpigo. Kazi yangu ni kushuhudia sahihi, sisomi yaliyomo. Ndivyo tunavyofanya wote."

"Namba yangu uliisoma mgongoni nikiwa nakimbia! Jina la kampuni yangu likiwa limetulia mezani, mbele ya pua yako, hukuliona?"

Hapo Wakili akafungua droo. Akavuta daftari jeusi alimokuwa akiandika kila muhuri anaoupiga, siku na saa, akapekua. Kidole kikasimama mahali. Fundi aliona rangi ikimtoka. Kisha Wakili akalifunga daftari, taratibu, akaliwekea mkono juu.

"Kuna nini humo?"

"Nisikilize. Njia unazo. Ya kwanza, hisa mpya zikitolewa lazima wenye hisa wa zamani waulizwe kwanza kama wanazitaka, kila mtu kwa fungu lake. Uliulizwa?"

"Na nani?"

"Basi hapo umewashika. Ya pili, notisi ya mkutano. Katiba yenu inataka siku ishirini na moja. Tafuta barua yao, tafuta ilipelekwa lini na wapi. Ya tatu, unaiambia mahakama kwamba mwenye nguvu anaiendesha kampuni kwa kumkandamiza mwenzake. Lakini kabla ya zote, omba zuio, wiki hii hii, ili msajili asiandike chochote na kabati lisitoke sokoni hata moja."

"Sawa. Tunaanza saa ngapi?"

Wakili akatikisa kichwa. "Siwezi kuwa wakili wako katika kesi hii."

"Unasemaje?"

"Nenda kwa mwanamama aliyenifundisha sheria. Wote tunamwita Mwalimu. Mwambie nimekutuma. Mimi... nipe muda nifikiri."

Fundi akautazama ule mkono juu ya daftari, na akili yake ikamalizia hadithi yenyewe. Anaficha. Anawaogopa. Au ameshalipwa.

"Muda ndicho kitu nisichokuwa nacho," akasema. "Kaa na daftari lako." Akashuka ngazi, na machozi aliyoyazuia mbele yake yakamshinda alipofika dukani kwa watengeneza simu. Spana ilibaki mezani.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Fundi akaenda kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa anakata magauni ya wasimamizi wa harusi, pini tano mdomoni, tepu shingoni. Hakuwahi kuacha mkasi kwa ajili ya kilio cha mtu, alisema nguo ikipindwa hainyooshwi kwa machozi.

"Lia, mwanangu, lakini usilie juu ya satini."

"Wanasema waliniletea barua, Shangazi. Mara mbili. Sijaona hata moja."

"Barua?" Shangazi akatema pini. "Za zile bahasha ngumu za kaki? Si zinakuja hapa? Zina jina la kampuni yako. Mimi nilidhani ni matangazo, kila siku watu wanatuma matangazo. Karatasi yake nzuri lakini. Nimekatia patani ya ukosi."

Fundi akaacha kulia. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia patani, karatasi ya kufuatisha ukosi wa gauni, imekatwa kwa bahasha ya kaki. Kwenye ncha moja ulionekana muhuri wa posta, mzima, unasomeka: tarehe ishirini ya mwezi huu.

Barua zenyewe zilikuwa kwenye droo ya vifungo, zote mbili, safi. Moja inamwalika mkutano wa tarehe ishirini na saba ya mwezi uliotangulia, nyingine inamwalika wa tarehe tatu ya mwezi huu. Mwaliko umetumwa siku kumi na saba baada ya shughuli! Fundi akacheka na kulia kwa pamoja. Ileile, alikuwa amemwambia karani. Kwa uvivu wa foleni moja aliwapa maadui zake mlango wa nyuma, wakajua barua zikitumwa kule hazitasomwa.

"Na yule kijana wa kamba mbili?" Shangazi akauliza. "Yuko upande gani?"

"Hana upande. Ana muhuri."

"Ulimsikiliza mpaka mwisho?"

"Alisema hawezi kuwa wakili wangu!"

"Nimekuuliza kama ulimsikiliza, sikukuuliza alisema nini." Akarudisha pini mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Zuio la muda likapatikana Ijumaa. Mwalimu alikuwa mwanamama mfupi mwenye miwani mizito na mkoba wa kamba, aliyezungumza polepole mpaka mpinzani akasinzia, kisha akamng'ata. Wiki tatu zilizofuata Fundi hakutoka karakana ila kwenda masokoni. Meneja mpya alipokuja na funguo zake, alimkuta mlangoni, amekaa juu ya kreti, anakaza nati kwa spana ya kuazima. "Hati ya mahakama hiyo hapo juu yako," akamwambia. "Kama kusoma kunakuchosha, nitakusomea." Bwana Tabasamu alipiga simu akitaka kununua hisa zake zote kwa bei ya kumfanya mtu ajenge nyumba. Fundi akamjibu kwamba nyumba iliyojengwa kwa kuwatupa watu wa nyanya itamnukia nyanya zilizooza maisha yake yote.

Simu ya Wakili iliita mara nyingi wiki ya kwanza. Fundi hakupokea. Wiki ya pili ikaacha kuita, na huko kunyamaza kulimuuma kuliko alivyotegemea. Alimkosa. Alimkosa kwa hasira, na hasira haikupunguza chochote.

Siku ya kusikilizwa, Mwalimu alimkuta kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama.

"Nina habari mbaya na nzuri. Mbaya ni kwamba watasema patani yako ni ya bahasha nyingine. Shangazi amekata vizuri mno, anwani haipo, umebaki muhuri tu."

"Na nzuri?"

Mwalimu akatoa karatasi nne mkobani. "Hii imeletwa kwangu saa mbili asubuhi. Isome. Yote."

Ilikuwa hati ya kiapo. Fundi aliisoma neno kwa neno, hakuruka hata nukta. Mwapaji alisema yeye ni wakili na kamishna wa viapo. Alisema muhtasari uliodaiwa kusainiwa na kushuhudiwa tarehe tatu haukufika mezani kwake tarehe tatu. Daftari lake, ambalo nakala yake aliambatisha, linaonyesha aliupiga muhuri tarehe ishirini na nne ya mwezi uleule, saa tisa alasiri. Alisema tarehe ilikuwa imeshaandikwa na wao, naye hakuisoma, na kutosoma huko ni kosa lake, hamsingizii mtu. Alisema anajua chama cha mawakili kitamwadhibu. Mwisho aliandika kwamba hakuweza kuwa wakili wa mdai kwa sababu mtu hawezi kuwa wakili na shahidi katika shauri moja, na yeye aliona mdai ana mawakili wengi wa kuchagua, lakini shahidi ni mmoja.

Fundi akainua macho. Wakili alikuwa amesimama mwisho wa korido, suti ileile ya kijivu, kamba moja nyeusi na moja kahawia. Hakusogea. Wala Fundi hakuweza kusogea, kwa sababu karani alikuwa ameshaita kesi.

Mwanasheria wa Bwana Tabasamu aliinua patani kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Mheshimiwa, tunaletewa ukosi wa gauni kama ushahidi!" Watu wakacheka. Mwalimu akasimama polepole, akaomba hati ya kiapo isomwe. Ilipofika tarehe ishirini na nne hakuna aliyekuwa anacheka. Na Bwana Tabasamu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alifunga mdomo na meno yakapotea.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tisa. Mkutano batili, hisa mpya zifutwe, daftari la wanahisa lirudishwe lilivyokuwa. Sitini. Soko la chini walipiga masufuria. Wiki iliyofuata chama cha mawakili nacho kikatoa uamuzi wake: Wakili asipige muhuri wala asisimame mahakamani kwa miezi sita.

Fundi alisubiri aje. Hakuja. Alikuwa na haya, au kiburi, na Fundi alivijua vyote viwili kwa kuwa navyo. Akapiga yeye.

"Mateka wangu yuko wapi?"

Wakili akavuta pumzi. "Yupo. Amekonda. Hataki kula."

"Na aliyemteka?"

"Naye vilevile."

"Kwa nini hukuniambia siku ile? Ulifunga daftari mbele ya macho yangu."

"Niliogopa," Wakili akasema. "Sitakudanganya. Niliona tarehe, nikaona muhuri wangu unavyoondoka. Nilihitaji siku chache za kuwa mwoga kabla sijawa mwanamume. Halafu hukupokea simu."

"Nilikuwa na hasira."

"Bado unayo?"

"Ninayo. Mlete mateka kwa msajili kesho, saa nne."

Mlinzi aliwaona wanakuja pamoja, akaona spana mkononi mwa mwenye suti, akainua mikono. "Hapana! Leo tena?"

"Kaa nayo wewe," Fundi akamwambia. "Ukikimbia, huyu hawezi kukushtaki mpaka miezi sita ipite."

Walisimama foleni ya dirisha la saba saa nzima na robo. Fundi alivaa gauni la kijani lililoshonwa na Shangazi, lenye ukosi ambao patani yake sasa ilikuwa kwenye jalada la mahakama. Alijaza fomu ya kubadili anwani ya kampuni: karakana, mtaa, namba ya mlango. Chini yake palikuwa na nafasi ya makazi ya mkurugenzi. Akaiacha wazi, akamsukumia Wakili karatasi na kalamu.

"Hapa nimekwama. Ninapoishi sasa pana chumba kimoja, na Shangazi anashona gauni la harusi tangu juzi bila kumwambia mtu ni la nani. Nataka kuandika anwani ya watu wawili. Unayo?"

Wakili akaitazama kalamu, akamtazama yeye. "Fundi, unaniposa kwenye foleni?"

"Nilikutana na wewe kwenye foleni. Jibu, watu wanasubiri."

"Sina muhuri. Sina kazi mpaka mwaka uishe."

"Sikuuliza ulicho nacho. Na nikwambie mapema, kwenye hii kampuni hakuna atakayetoa hisa mpya bila kuniuliza."

Nyuma yao mama mmoja akapaza sauti, "Kijana, saini tuondoke!"

Lakini Wakili hakusaini. Aliivuta fomu karibu, akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu, mstari wa kwanza, kidole chini ya kila neno. Foleni ikaguna. Karani akagonga kioo. Fundi akawageukia wote, mikono kiunoni.

"Mwacheni asome," akasema.

Alisoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaandika anwani.